Kipaji na Kasoro: Saa za Mazoezi Ziende Wapi?

Kila mwanamuziki, awe mpiga udi wa taarab, mcharaza solo wa bendi ya dansi au mwimbaji wa kwaya, ana jambo analoliweza kuliko wenzake na jambo linalomshinda. Muda wa mazoezi hautoshi kuyahudumia yote mawili. Anayeshinda kazini hubaki na saa moja au mbili za jioni, na zikienda upande mmoja, upande wa pili hubaki vilevile. Kwa juu hili ni suala la ratiba tu. Kwa ndani ni swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi, wakiwa na nafsi ya mwanadamu akilini na si chombo cha muziki: je, mtu hukamilika kwa kukikuza kile alichojaliwa, au kwa kuyaondoa yale yanayomtia doa?

Kabla ya kuchagua upande inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo mazoezini hutiwa kapu moja. Kuna kosa: mpiga ngoma anayekimbiza mapigo wimbo unapopamba moto, au mwimbaji ambaye sauti yake huteremka kidogo kila anapofika mwisho wa ubeti. Kuna upungufu, yaani jambo ambalo mtu hajajifunza bado, kama vile kusoma nota. Na kuna mpaka: kiganja kidogo kisichofikia oktava, sauti ya besi isiyoweza kupanda, umri, maradhi. Kosa lina dawa na upungufu una shule. Mpaka hauna dawa wala shule, mtu huujua akaishi nao. Mabishano mengi baina ya walimu hutokea kwa sababu mmoja anazungumzia kosa na mwenzake anazungumzia mpaka, na kila mmoja ana haki kwa alichokitaja.

Wanaotetea kurekebisha udhaifu wana ukoo mrefu. Aristotle, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwatumia wanamuziki wenyewe kama mfano katika kitabu chake cha maadili. Mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, alisema, na ni kwa kupiga hukohuko ndipo wengine huwa hodari na wengine huwa hovyo. Mazoezi hayana upendeleo: hukaza mazuri na mabaya kwa nguvu ileile. Anayerudia kosa lake kila jioni kwa bidii analifanyia mazoezi kosa hilo. Katika kitabu hichohicho Aristotle anashauri kila mtu achunguze anaelemea upande gani, kisha ajivute kwa makusudi kuelekea upande wa pili, kama wafanyavyo wanaonyoosha mbao zilizopinda.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifikisha fikra hiyo mbali zaidi katika kitabu chake cha Ihya, kwenye sehemu inayohusu kuizoesha nafsi. Kwake maradhi ya moyo hutibiwa kwa kinyume chake, ubahili kwa kutoa na kiburi kwa kunyenyekea. Mfano aliouchagua kueleza jinsi tabia inavyojengeka ni wa mwandishi wa hati. Anayetaka kuwa fundi wa hati huanza kwa kuulazimisha mkono wake ufanye kile anachokifanya fundi, kwa taabu na kwa kuigiza, mpaka hati nzuri inakuwa sehemu ya maumbile yake na kutoka bila kujikalifisha. Mwanafunzi wa udi anayeyasoma maelezo hayo ataona ni yeye anayezungumziwa. Pia atanyang'anywa kisingizio kimoja: hakuna mtu aliyeumbwa “asiye wa mapigo” au “asiye na sikio”, isipokuwa awe ameshajaribu kwa muda mrefu na kwa njia sahihi.

Katika madrasa za mwambao fikra hii ina utaratibu kamili. Usomaji wa Qur'ani hauhesabiwi kuwa muziki, na walimu hulisisitiza hilo, lakini ni shule ya sauti na ya sikio. Elimu ya tajwidi hugawa makosa mafungu mawili. Lahni jali ni kosa la wazi, linalobadili herufi au irabu na pengine maana. Hilo halivumiliwi hata kwa mwenye sauti tamu kuliko wote. Lahni khafi ni kosa lililofichika, kama madi (kurefusha sauti) isiyotimia urefu wake au ghuna (mvumo wa puani) iliyopunguzwa, ambalo hugunduliwa na wenye elimu hiyo. Mgawanyo huo una busara inayokosekana katika vyuo vingi vya muziki. Badala ya kumpima msomaji ni dhaifu kiasi gani, huliuliza kosa lenyewe linaharibu nini.

Sayansi ya karibuni nayo imesimama zaidi upande huu. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Walipokadiria saa ambazo kila mwanafunzi alikuwa amefanya mazoezi peke yake tangu utoto, wale waliotajwa na walimu kuwa bora zaidi walikuwa na saa nyingi kuliko wengine. Kilichovuma ni hesabu ya saa 10,000, hasa baada ya kitabu cha Malcolm Gladwell cha mwaka 2008, na kilichosahaulika ni aina ya mazoezi yenyewe. Ericsson alizungumzia mazoezi yanayolenga jambo ambalo mtu bado haliwezi, yenye masahihisho ya papo hapo, na ambayo kwa kawaida hayana raha. Kuurudia wimbo unaoujua mara ishirini jioni hakuingii humo. Ni burudani, na burudani haina ubaya, ila isiandikwe kwenye daftari la mazoezi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha pia kwamba saa hizo peke yake hazitoshi kueleza kwa nini huyu amempita yule. Kuna kitu kingine, na hapo ndipo watetezi wa kipaji wanapoingia.

Shahidi wao mkubwa ni Chopin, mtunzi na mpiga piano. Katika zama zake walimu wengi wa piano barani Ulaya walitaka vidole vyote vitano viwe na nguvu sawa. Yalitungwa mazoezi ya kurudiarudia bila mwisho, na viliuzwa hata vifaa vya kuubana mkono ukae unavyotakiwa. Chopin, aliyekuwa akifundisha Paris, alianza kuandika rasimu ya mbinu ya kufundishia piano ambayo hakuimaliza, na humo aliipinga kazi yote hiyo. Kwa maoni yake kuvilazimisha vidole vilingane ni kwenda kinyume na maumbile. Kila kidole kina umbo lake, kwa hiyo kina mguso wake, na kazi ya mpigaji ni kuulea mguso huo badala ya kuufuta. Kidole cha pete alikikubali kuwa dhaifu kuliko vyote. Maumbile ya mkono yanamuunga mkono: kano za kidole hicho zimeungana na za jirani zake nyuma ya kiganja, ndiyo maana hakinyanyuki vizuri peke yake hata kikifanyishwa mazoezi miaka kumi.

Chopin hakuishia kwenye nadharia. Mwanafunzi hakuanzishwa kwenye ngazi ya Do, iliyo rahisi kuisoma kwa sababu funguo zake zote ni nyeupe. Mkono uliwekwa mahali ambapo vidole vitatu virefu vya kati huangukia funguo nyeusi, zilizo juu zaidi, na gumba na kidole cha mwisho, vilivyo vifupi, hukaa kwenye nyeupe. Kinanda kikaufuata mkono. Tofauti ya vidole ambayo wengine waliihesabu kuwa kasoro ikawa kwake rangi mbalimbali za sauti.

Robert Schumann, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1810, alipita njia nyingine. Alitaka kuwa mpiga piano mkubwa, na kidole kimoja cha mkono wa kulia kilikuwa kikimrudisha nyuma. Akajitwisha mazoezi mazito na kutumia kifaa cha kukitia nguvu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1830 kidole hicho kilikuwa kimeharibika moja kwa moja. Wanahistoria bado wanabishana iwapo kifaa ndicho kilichosababisha au kulikuwa na maradhi mengine, lakini matokeo hayana ubishi: ndoto ya jukwaani ilikufa, na nguvu zote zikahamia kwenye utunzi. Nyimbo ambazo mikono yake haikuweza tena kuzipiga hadharani zilipigwa na Clara Wieck, mmoja wa wapiga piano mashuhuri wa karne ile, ambaye yeye na Schumann walioana mwaka 1840. Ni kosa kuichukulia habari hii kama onyo dhidi ya mazoezi. Inachoonyesha ni kwamba mpaka ukidhaniwa kuwa kosa, dawa yenyewe inaweza kuwa sumu.

Wakristo wanaolijadili jambo hili huenda moja kwa moja kwenye Mathayo 25, kwenye mfano wa talanta. Bwana anayesafiri anawaachia watumwa wake watatu mali, mmoja tano, wa pili mbili, wa tatu moja, kila mmoja kulingana na uwezo wake. Mahubiri mengi humwendea yule aliyeifukia moja yake ardhini. Kuna jambo jingine lisilotajwa sana: bwana anaporudi hamuulizi mwenye mbili kwa nini hakuleta kumi. Wa kwanza na wa pili wanasifiwa kwa namna moja. Wala aliyepewa moja halaumiwi kwa uchache wake, analaumiwa kwa hofu iliyomfanya asiifanyie kazi. Kwa usomaji huo, anayepoteza miaka akijaribu kuwa na kile alichopewa jirani yake ameacha kukifanyia kazi alichopewa yeye. Mwandishi wa mambo ya uongozi Peter Drucker alitoa hoja inayofanana bila dini ndani yake mwaka 1999: kumtoa mtu kwenye kutoweza kabisa hadi kwenye uwezo wa wastani hugharimu nguvu nyingi kuliko kumtoa kwenye uzuri hadi kwenye ubingwa. Kwa ofisi hoja hiyo inatosha. Kwa muziki haitoshi, na sababu yake inaonekana vizuri zaidi Kinshasa kuliko kwenye vitabu.

Miaka ya 1950 na 1960 muziki wa dansi wa Kongo, uliosikika kwenye redio na santuri mpaka Dar es Salaam na Nairobi, ulikuwa na shule mbili. Shule ya kwanza ilikuwa ya African Jazz ya Joseph Kabasele, na mpiga gitaa wake Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico. Nico alikuwa na kila kitu ambacho mwalimu wa gitaa angekitaka: vidole vyepesi, sauti safi, mpangilio wa noti usio na mkwaruzo. Ndiye anayesikika kwenye Indépendance Cha Cha ya mwaka 1960. Shule ya pili ilikuwa ya OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956, na mtu wake alikuwa Luambo Makiadi, Franco. Alikuwa akizungusha kifungu kifupi kilekile tena na tena wakati wa sebene, kwa gumba na kidole cha shahada, kwa sauti nzito yenye ukali ndani yake. Aliyempima kwa mizani ya Nico alimwona ana mapengo mengi.

Franco hakujaribu kuwa Nico. Alikichukua kile alichokuwa nacho, yaani nguvu ya mgongo wa mapigo na ukaidi wa kurudia mpaka mchezaji asiweze kukaa kwenye kiti, akakijenga kwa zaidi ya miaka thelathini hadi alipofariki mwaka 1989. Mapengo yake aliyajaza kwa watu. Sauti laini aliwaachia waimbaji kama Vicky Longomba, Sam Mangwana na baadaye Madilu System. Gitaa la rithimu na sehemu kubwa ya utunzi wa kina vilikuwa mikononi mwa Simaro Lutumba, na Mabele, wimbo ambao wengi humkumbuka Mangwana kwa huo, ni utungo wa Simaro. Bendi ni mpango wa kuufanya udhaifu wa mtu mmoja usiwe udhaifu wa muziki. Drucker angelipenda hilo.

Lakini kuna jambo ambalo Franco hakumwachia mtu yeyote: mapigo. Katika OK Jazz kifungu chake cha gitaa ndicho kilichobeba sebene nzima, na wengine walining'inia juu yake. Kama angekuwa na kasoro hapo, Mangwana asingeweza kumfunikia, wala Simaro. Mapengo yake yalikuwa mahali ambapo hakuna mwingine aliyeyalipia. Kisa hiki kinatoa kipimo kilicho bora kuliko vyote viwili vilivyotangulia: kwa kila udhaifu iulizwe ni nani anayeugharimia. Ikiwa gharama inaangukia wale wanaopiga na mwanamuziki huyo, wanaocheza au wanaosali mbele yake, basi ni deni, na deni hulipwa kabla ya mtu kujinunulia vya anasa. Ikiwa gharama inaishia kwenye fahari ya mwanamuziki mwenyewe, udhaifu huo unaweza kungoja, hata maisha yote.

Kipimo hicho hubadili uzito wa jambo lilelile kutoka mahali hadi mahali. Kutosoma nota ni deni kubwa kwa mwimbaji aliyejiunga na kwaya inayogawiwa karatasi Jumamosi na kuimba Jumapili, kwa sababu sauti ya pili nzima itamngoja yeye. Kwa mpiga solo wa bendi ya dansi ambako nyimbo hufundishwa kwa sikio, si deni kabisa. Kwa taarab deni zito ni la sikio. Udi hauna vitenganishi shingoni, fidla vilevile, kwa hiyo kila noti huamuliwa na mkono wa kushoto wa mpigaji. Makamu (ngazi za sauti za Kiarabu) ya bayati na rasti yana noti zinazokaa katikati ya zile za piano. Mpiga fidla akizikosa kwa unywele mmoja, ala ya kanuni iliyotiwa sauti sawasawa itasikika kama ndiyo iliyokosea. Akordioni ya kawaida haina noti hizo kabisa, na anayeipiga hawezi kulaumiwa. Hukaa kimya zinapopita au wimbo hutungwa katika makamu yanayoipokea, kama nahawandi. Chombo kimeruhusiwa kuwa na mpaka wake. Ni ajabu kwamba binadamu hupewa ruhusa hiyo mara chache zaidi.

Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad hakuwa na elimu ya shule, wala jina la ukoo, katika Unguja ya zama ambazo vyote viwili vilihesabika sana. Alichokuwa nacho ni sauti. Alipofika mjini kutoka Fumba alifundishwa na Muhsin Ali, na kazi hiyo ya kufundishwa ndiyo inayosahaulika pale anapotajwa kama kipaji kilichoshuka kutoka mbinguni. Alijifunza kile ambacho bila ya hicho wapiga vyombo wasingeweza kumfuata. Yaliyobaki, utunzi na vyombo, yakaletwa na wenzake katika kundi, akiwemo Subeti bin Ambari. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti iliyorekodiwa haikuwa na haja ya ukoo.

Hatari ya kipimo hiki cha deni ni kwamba hutumiwa na wavivu. Mtu asiyeweza kupiga polepole husema mwendo wa kasi ndio mtindo wake. Mwimbaji asiye na pumzi huita kukatakata kwake hisia. Mwanafalsafa Nietzsche, katika kitabu cha mwaka 1882, aliandika kwamba kuipa tabia yako mtindo ni sanaa kubwa na adimu: mtu huyatazama yote yaliyomo katika maumbile yake, ya nguvu na ya udhaifu, kisha huyapanga katika mpango mmoja mpaka hata udhaifu unapendeza macho. Wanaomtaja wanaukumbuka mwisho wa sentensi na kuusahau mwanzo wake. Nietzsche anaeleza kazi ndefu ya kila siku, ambamo sehemu nyingine ya maumbile huondolewa na nyingine huongezwa, na ubaya usioondoleka hufichwa au hugeuzwa. Udhaifu haugeuki kuwa mtindo kwa kutangazwa hivyo. Upo mtihani rahisi wa kutofautisha: mwenye mtindo anaweza kueleza anapata nini kwa kuacha alichokiacha, na kinasikika. Mvivu anaeleza tu kwa nini hakufanya.

Mwanafalsafa Kant naye, mwaka 1785, alilitaja jambo hili kama wajibu. Mtu mwenye kipaji anayeona raha kukiacha kilale, asema Kant, hawezi kutaka kwa akili timamu kwamba ulimwengu wote uishi hivyo. Lakini aliuweka wajibu huo katika fungu la wajibu ulio na nafasi ndani yake: sheria haisemi ni kipaji kipi wala kwa saa ngapi. Muislamu angelisema jambo hilohilo kwa njia ya amana. Kilichowekwa kwa mtu kitaulizwa, na kisichowekwa hakitaulizwa. Tofauti ni kwamba Kant humwacha mtu na dhamiri yake peke yake, ilhali amana ina mwenyewe.

Taasisi za mitihani zimelishughulikia swali hili kwa njia ya alama, na historia yao inafundisha zaidi kuliko inavyotarajiwa. Bodi ya Uingereza ya ABRSM, ambayo mitihani yake hufanywa pia Kenya, hutoa alama 150 katika mtihani wake wa kawaida wa vitendo. Nyimbo tatu huchukua 90, ngazi 21, kusoma nota kwa mara ya kwanza 21 na kupima sikio 18. Kufaulu ni 100 kwa jumla, na mtahiniwa halazimiki kufaulu kila sehemu. Maana yake bodi hulazimisha udhaifu ukabiliwe, kisha huruhusu nguvu iufidie. Mwaka 2020 bodi hiyohiyo ikaanzisha mtihani mwingine ambao ngazi, nota za ghafla na sikio vimeondolewa; mtahiniwa hupiga nyimbo nne na kupimwa pia jinsi alivyozibeba kwa pamoja. Walimu wengine waliona ni kulegeza kamba. Inaweza pia kusemwa kwamba bodi imekiri kuna wanamuziki wa aina mbili, na huko ni kukiri kwa haki. Kinachokosekana katika mitihani yote miwili ni mtu wa pili chumbani. Mtahiniwa anayepiga peke yake anaweza kupata alama za juu akiwa hajawahi kumsikiliza mwenzake, na hilo ni deni ambalo hakuna ngazi inayolilipa.

Yapo mazingira ambayo hesabu zote hizi zinapinduka. Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha inaeleza kwamba msomaji stadi wa Qur'ani atakuwa pamoja na malaika waandishi watukufu, na yule anayesoma kwa kusitasita, huku kusoma kukimwia vigumu, ana malipo mawili. Wanazuoni hawakuielewa kuwa mwenye kusitasita amempita stadi. Daraja ya stadi ni ya juu. Walichokiona ni kwamba kuna thamani mbili zisizopimwa kwa kipimo kimoja, ya kazi iliyofanywa vizuri na ya taabu iliyovumiliwa. Palipo ibada, anayehangaika na udhaifu wake hajapoteza muda hata kama hatakuwa hodari kamwe. Mzee wa kwaya ambaye kila wiki hujifunza upya sauti ya tatu, na kila wiki huisahau nusu, hawezi kushauriwa kwa maneno ya Drucker. Ila akiwa karibu na kipaza sauti, waumini wana haki ya kuomba asogezwe nyuma kidogo.

Umri nao una neno lake. Mtoto wa miaka tisa hajijui bado, wala mwalimu wake hamjui. Kinachoonekana kuwa udhaifu wa sikio kinaweza kuwa kiti kirefu mno au chombo kisichotiwa sauti vizuri. Kumwambia mapema kwamba yeye ni wa ngoma na si wa kuimba ni kumfungia mlango ambao hakuna aliyewahi kuufungua. Utotoni, basi, mazoezi yawe mapana, na makosa yasahihishwe kabla hayajakaza. Kadiri miaka inavyosonga ndivyo upana unavyopungua faida, na mtu wa miaka arobaini anayeendelea kugawa saa yake sawasawa kati ya mambo sita atabaki wa wastani katika yote sita. Sonny Rollins hakuwa mwanafunzi alipoacha kupiga hadharani mwaka 1959 na kwenda kufanya mazoezi ya saksafoni juu ya daraja la Williamsburg jijini New York hadi mwaka 1961. Alikuwa tayari na jina kubwa, na hakuna aliyemtuma. Hakurudi akiwa mtu mwingine, alirudi akiwa Rollins mwenye uwezo zaidi, na hilo linaonyesha kwamba hata mwenye kipaji kilichokomaa hufika mahali ambapo kipaji chenyewe kinamtaka arudi kwenye misingi.

Kwa mwanamuziki wa kawaida mwenye saa moja ya jioni, hukumu inayofuata ni hii. Mapigo, usahihi wa sauti na kusikiliza wenzake havina mjadala. Vikiwa na kasoro, saa ianzie hapo, kila siku, polepole, mpaka deni liishe. Vikiwa sawa, kilichobaki cha saa kiende kwenye kile ambacho watu humwita yeye na si mwingine aje kukifanya. Shida ni kwamba kasoro za namna hiyo huwa hazisikiki kwa mwenyewe anapopiga. Anayekimbiza mapigo husikia wenzake wanachelewa. Simu ya mkononi iliyowekwa pembeni ikirekodi inasaidia, ila wenzake wanasaidia zaidi. Asiyejua aanzie wapi awaulize wanaopiga naye, na awaulize siku ambayo hawana sababu ya kumsifu.